Mafundi wetu wa ughaibuni na lile kopo lisiloshika moto

Najua nimekaa kimya sana, na wengine mmeshaniandikia kuuliza kama nimerudi nyumbani au nimemezwa na shifti za usiku. Nipo, bado hapa Texas, bado uuguzi ndio unaolipa kodi ya nyumba. Leo siandiki kuhusu vibali wala jinsi ya kutuma pesa. Nataka niseme kuhusu kitu kilichotaka kunipokonya shemeji yangu, na nianze kwa kukiri kwamba mimi mwenyewe, mwenye digrii ya uuguzi na miaka zaidi ya kumi kazini, nilimwambia akanywe chai ya tangawizi alale.

Shemeji ni mdogo wake mume wangu. Anafanya kazi gereji, na kuchomelea vyuma alijifunzia Dar kwa kuangalia mafundi wakubwa, kama vijana wengi wanavyojifunza. Jumamosi moja, saa kumi jioni hivi, alikuwa chini ya gari anataka kuchomelea kipande kilichokatika karibu na ekzosi. Palikuwa na mafuta na grisi. Akachukua kopo la kupuliza la kusafishia breki, akapuliza mpaka chuma kikang'aa, hakusubiri kikauke vizuri, akawasha mashine. Anasema ulitoka moshi mweupe mdogo tu, kama wa sigara moja. Alikohoa sana, macho yakatoka machozi, koo likawaka. Akatoka nje, akavuta hewa, akanywa maji. Baada ya dakika ishirini alikuwa mzima kabisa, akarudi akamaliza kazi, na hata akasaidia kubeba injini ya gari jingine.

Kwetu alifika saa kumi na mbili na nusu, mimi nipo mlangoni natoka kwenda kazini. Akaniambia huku anacheka, "Shem, leo nimevuta moshi mbaya, kifua kinabana kidogo." Nikamwangalia. Anatembea, anaongea, anaulizia ugali. Nikamwambia hiyo ni koo tu limeunguzwa, kunywa chai ya tangawizi, pumzika. Nikaondoka.

Saa saba usiku mume wangu akapiga simu. Shemeji hawezi kulala chali, amekaa ukingoni mwa kitanda ameinama mbele, anahema kama aliyekimbizwa na mbwa, na anatema povu lenye rangi ya waridi. Wauguzi wanaosoma hapa wanajua povu hilo maana yake nini. Mapafu yamejaa maji. Nikamwambia piga 911 sasa hivi, usimpakie kwenye gari lako, na mtu aende gereji alilete lile kopo.

Alipona. Nasema mapema ili msisome roho juu. Alikaa hospitali siku sita, mbili za mwanzo akiwa na barakoa inayosukuma oksijeni kwa nguvu, na bili yake bado tunailipa kidogo kidogo. Lakini nilivyokaa pale pembeni ya kitanda nilikuwa nakumbuka darasa letu la mwaka wa pili, mwalimu amesimama ubaoni, ameandika kaboni moja, oksijeni moja, klorini mbili. Fosjini. Tuliinakili, tukajibu mtihani, tukaisahau, kwa sababu nani angefikiri gesi ya vita ya wazungu inaweza kutoka kwenye kopo la dola chache?

Maana ndivyo tulivyofundishwa, kwamba ni gesi ya vita. Na ni kweli. Wajerumani waliitumia karibu na Ypres, Ubelgiji, Desemba 1915, wakiichanganya na klorini, na baadaye pande zote mbili zikaitumia. Inakadiriwa kwamba kati ya askari waliouawa na gesi za sumu katika Vita Kuu ya Kwanza, takriban asilimia 85 waliuawa na hii. Ila yenyewe ni ya zamani kuliko vita hiyo. Aliyeitengeneza kwanza ni Mwingereza John Davy, mwaka 1812, kwa kuweka monoksidi ya kaboni na klorini juani. Jua ndilo lililoziunganisha, na jina lenyewe kwa Kigiriki ni kama kusema "iliyozaliwa na mwanga". Jina zuri kwa kitu kibaya.

Si ya vita tu, na hapa niwe mkweli nisije nikaonekana napiga kelele za kutisha watu. Viwanda vikubwa vinaitengeneza kila siku na kuitumia papo hapo. Bila fosjini, plastiki ngumu ya taa za gari na lenzi nyingi za miwani zingekuwa shida kupatikana, na godoro la povu unalolalia, la huku au la nyumbani, lina kemikali iliyopitia kwenye fosjini kabla haijawa povu. Sina ugomvi na godoro. Viwanda hivyo vina ving'ora, vinyago, mabomba yanayokaguliwa, na wafanyakazi wenye vibandiko vifuani vinavyobadilika rangi gesi ikivuja. Na bado watu wamekufa humo. Januari 2010, kwenye kiwanda cha DuPont huko Belle, West Virginia, bomba lililokuwa limepita muda wake wa kubadilishwa lilipasuka na kumpulizia mfanyakazi mmoja fosjini. Alipelekwa hospitali, hali ikazidi kuwa mbaya kadiri saa zilivyokwenda, na siku ya pili akafariki. Kule Bhopal, India, ambako Desemba 1984 maelfu walikufa kwa gesi nyingine iliyotengenezwa kutokana na fosjini, mfanyakazi mmoja alikuwa ameshauawa na fosjini yenyewe kiwandani humohumo mwaka 1981. Hao ni watu waliojua wanashughulika na nini. Shemeji alikuwa na kopo na miwani ya kuchomelea.

Sasa nieleze ilivyotokea, maana nimegundua hata mafundi wazoefu hawajui. Dawa za kusafishia breki ziko za aina mbili. Moja inashika moto, na kila mtu anaiogopa. Nyingine haishiki moto, na imeandikwa hivyo mbele ya kopo kwa herufi kubwa. Fundi wa kuchomelea atachagua ipi? Mtu mwenye akili timamu anayefanya kazi na cheche atachukua isiyoshika moto, na ndiyo aliyochukua shemeji. Lakini isiyoshika moto haishiki moto kwa sababu imetengenezwa kwa klorini, mara nyingi ile inayoitwa tetrakloroethilini. Ukiipeleka kwenye joto kali au kwenye ule mwanga wa bluu wa kuchomelea, haiwaki, inavunjika. Klorini zake na kaboni zinakutana na oksijeni ya hewani, na miongoni mwa vinavyotoka ni mvuke wa asidi, ambao ndio uliomkohoza, pamoja na fosjini, ambayo haikumfanya kitu. Wakati huo.

Hapo kwenye "wakati huo" ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mnajua klorini ya kusafishia vyoo ukivuta, au amonia, inakukaba pale pale. Inayeyuka haraka kwenye maji ya pua na koo, inaunguza, unakimbia. Ule uchungu ndio unaokuokoa. Fosjini haiyeyuki upesi namna hiyo. Inapita puani na kooni kama mgeni mstaarabu, inashuka mpaka kwenye vile vifuko vidogo vya hewa, mahali ambapo ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba sana, na huko inaanza kuharibu protini za ukuta huo. Ukuta haubomoki mara moja. Unaanza kuvuja. Maji ya damu yanaingia kwenye vifuko polepole, na mapafu yana nafasi kubwa, kwa hiyo wewe husikii kitu. Unakula, unataniana na watu. Inaweza kuchukua nusu saa kama umevuta nyingi, au saa sita, au kumi na mbili, mpaka siku mbili. Na ukifanya kazi nzito katika muda huo, kama kubeba injini, unaharakisha mambo.

Wala usitegemee pua. Watu wanaielezea harufu yake kama ya majani makavu au nyasi iliyokatwa. Lakini pua ya kawaida huanza kuinusa ikiwa imeshapita kiwango kinachoruhusiwa kazini hapa Marekani, ambacho ni sehemu moja kati ya milioni kumi za hewa. Na nani atasikia nyasi gerejini, katikati ya oili na moshi wa magari?

Kwa hiyo wadau, hoja yangu ya leo ni hii, na najua wapo watakaobisha. Kwa moshi wa namna hii, nafuu unayoisikia baada ya nusu saa si nafuu. Mtu aliyevuta moshi uliotoka kwenye dawa yenye klorini asirudi kazini, asiende nyumbani kulala peke yake, na asiendeshe gari. Aende hospitali akiwa bado anacheka. Akalazwe chini ya uangalizi, saa 24 angalau, hata kama anajiona mjinga kukaa pale.

Najua jibu lenu, kwa sababu shemeji alinipa jibu hilohilo baadaye. "Shem, ningeenda kusema nini? Kwamba nimekohoa? Elfu ngapi za dola kwa kukohoa?" Hana bima. Gereji aliyokuwa anafanyia, sitaitaja, inalipa kwa siku, na ukiondoka mapema Jumamosi unaweza usiitwe Jumatatu. Tuliokulia uswahilini tumelelewa hivyo pia, mwanaume akianguka anasimama, anajipangusa, anaendelea. Mimi mwenyewe nilivyomwona amesimama nikaridhika. Sisemi hofu ya bili ni ya kijinga. Nami naiogopa, na ninafanya kazi hukohuko zinakotoka bili. Lakini angekwenda jioni ile saa kumi na moja, pengine angelala usiku mmoja na oksijeni kidogo, akatulizwa asifanye kazi ya nguvu. Kwa kwenda saa nane usiku amelala sita. Hata kwa hesabu ya pesa tupu tulipata hasara.

Na ipo simu ya bure ambayo wengi wetu hatuijui. Ni kituo cha sumu, 1-800-222-1222, mchana na usiku, nchi nzima hapa Marekani. Hawaulizi bima wala karatasi zako. Unaweza kuomba mkalimani. Unawasomea kopo, wanakuambia uende hospitali au usiende. Ningepiga simu hiyo pale mlangoni, dakika tano, ningechelewa shifti kidogo tu. Sikupiga kwa sababu nilijiona najua.

Kwa wauguzi wenzangu, wa huku na wa nyumbani, neno moja la kikazi. Hakuna kipimo cha damu cha kawaida kitakachokuandikia "fosjini". Kidude cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni nzuri kabisa saa ya kwanza. Hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Kilichopo ni kupumzika kabisa, oksijeni ikihitajika, eksirei ya kifua irudiwe, na jicho la muuguzi. Kinachobaki ni maswali yetu. Fundi akija anakohoa, tusiulize tu "unavuta sigara?" Tuulize ulikuwa unachomelea nini, ulikisafishia na nini, chumba kilikuwa wazi au kimefungwa. Hospitali aliyolazwa shemeji walianza kumtibu kama nimonia, na siwalaumu, mtu mzima amekuja usiku anahema. Kopo lilipofika mezani ndipo mazungumzo yalipobadilika. Kwa hiyo mafundi, mkija njooni na kopo. Kama hamna kopo, njooni na picha yake kwenye simu.

Kuna rafiki yangu mmoja niliyemsimulia akaniambia, tatizo mafundi wetu hawasomi maandishi. Nikalichukua lile kopo nikalisoma lote, mbele na nyuma. Mbele, kubwa: haishiki moto. Nyuma, herufi za kuhitaji miwani, imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu kwamba mvuke ukikutana na joto unaweza kuvunjika ukatoa vitu vyenye madhara. Vitu vyenye madhara! Hata maji ya moto yana madhara. Hakuna mahali palipoandikwa utajisikia mzima halafu usiku utazama kitandani ukiwa mkavu. Shemeji anajua Kiingereza vizuri tu. Angeyasoma maneno yale mara tatu na bado angewasha mashine. Kwa hiyo lawama yangu ya kwanza naipeleka kwa waliochagua kipi kiandikwe kikubwa na kipi kidogo.

Serikali ya huku nayo imechelewa, ingawa haikulala kabisa. Desemba 2024 shirika lao la mazingira, EPA, lilitoa kanuni za kuzuia trikloroethilini, na za kukomesha tetrakloroethilini kwenye bidhaa za watu wa kawaida. Kesi zikafunguliwa, na kanuni huku huenda kwa mwendo wa kinyonga. Kanuni haiingii gerejini kukusanya makopo yaliyopangwa rafuni tangu juzi. Na hapa nitasema jambo litakalowaudhi baadhi yenu: nimeona tunavyopakia makontena ya kwenda Dar na Mombasa. Magari, friji, vifaa vya gereji, na katikati ya matairi, makopo ya dawa za gereji yaliyonunuliwa kwa bei ya kutupa. Tafadhali tuyaache. Mbali na kwamba makopo ya gesi hayafai kuchemkia baharini ndani ya kontena, tunampelekea kijana wa gereji ya kando ya barabara, asiye na kinyago, kitu ambacho wenye ving'ora wanahangaika kukizuia.

Na si breki tu. Kuna dawa za kuondolea rangi zenye klorini zilizowahi kuuzwa hadi za majumbani. Ukizitumia karibu na hita ya moto ni hadithi ileile. Gesi za majokofu ya zamani zenye klorini zikipita kwenye moto wa kuchomelea bomba, fundi wa friji naye yumo. Ndugu yake fosjini, yule mwenye florini mahali pa klorini, anatoka kwenye mipako ya vikaango visivyoshika chakula ikiungua kwa joto kali sana. Wanaofuga kasuku ndani ya nyumba wajihadhari. Hata sisi wa hospitali hatukupona: mwishoni mwa karne ya 19, vyumba vya upasuaji vikiwa vinamulikwa kwa taa za gesi, klorofomu ya kumlazia mgonjwa ilikuwa inavunjika kwenye ndimi za taa, na madaktari na wauguzi wakawa wanakohoa bila kuelewa. Ningependa kujua wangapi waliambiwa wakanywe chai.

Mambo ya kufanya ni machache na hayahitaji digrii. Geuza kopo, tafuta herufi hizi tano popote kwenye orodha: c, h, l, o, r. Ukiziona, hilo kopo na moto wa kuchomelea visikae chumba kimoja. Safisha grisi kwa maji ya sabuni na brashi, kausha kabisa, au saga chuma kibaki cheupe. Inachosha, najua. Mkiwa na njia nyingine mnazotumia, waandikieni wenzenu hapo chini, mimi nitajifunza pia.

Shemeji yupo gereji nyingine sasa. Wiki iliyopita alinipigia nikiwa mapumziko, saa tisa usiku, nikashtuka nikajua yamerudi. Kumbe yeye anamalizia kazi ya mtu, kanunua kopo jipya na anataka kuwa na uhakika. Akaanza kunisomea taratibu, silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la pili. Alipofika "te-tra-klo" nikamkatiza.

"Shemeji, liweke chini."

"Nimeshaliweka, shem. Nilikuwa nakupima tu kama siku hizi unasikiliza."

Haya wadau, shifti inaniita. Tuonane tena Mungu akipenda.